Printa Yalia

Saa nane kasoro za usiku, nakala ya kumi na saba,
mtihani wa sayansi wa darasa la sita,
printa ikatoa sauti: kwichi, kwichi, kaa!
Nikadhani ni paka wa Bi Shali kabanwa na mlango.
Nikazima feni nipate kusikia vyema.
Joto la Tudor likanivaa mwili mzima
kama shuka iliyoroweshwa.

Kilio si kimoja. Hilo nalijua.
Miaka ishirini na mitatu nimekesha wodi ya watoto;
kilio cha njaa na kilio cha sikio
ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali.
Nikafungua kabati, nikatoa stethoskopu niliyostaafu nayo,
nikaiweka ubavuni mwa printa,
nikaamuru: haya, pumua.

Nikachapa ukurasa mtupu.
Kwanza, vuuu. Hiyo ni feni yake, haina neno.
Kisha, tak. Trei imeachia karatasi.
Kisha lile jiko la ndani, linalochoma unga wa wino ukashika,
likaguna kidogo, mguno wa mtu akiinuka kitini.
Karatasi ilipofika katikati, hapo hapo:
kwichi, kwichi, kaa!
Halafu kimya.
Karatasi ikatoka safi, ya moto kama chapati,
haina hata doa.

Mgonjwa aliaye na homa hana,
huyo ndiye wa kumwogopa.

Asubuhi nikampigia Msellem, fundi wa Mwembe Tayari,
yeye hutibu kwa simu kama mganga wa redioni.
"Mama, nisikizishe." Nikamsikizisha.
"Ah! Hiyo ni ngoma. Ngoma imekwisha. Elfu sita."
Nikamwambia, ngoma ikisha huacha mistari,
na karatasi zangu ni nyeupe pe.
"Basi ni gia. Jino limeng'oka. Elfu nne."
Nikamwambia, jino lililong'oka hulia kila mzunguko,
hili lalia mara moja kwa kila ukurasa.
Akanyamaza. Nikasikia pikipiki zikipita kwake.
"Basi ni unyevu, mama. Karatasi za Mombasa hunywa bahari."

Hiyo nikaikubali nusu.
Nikaanika rimu nzima juani kwenye roshani,
nikaikandamiza kwa mbuzi ya nazi isipeperuke.
Zikakauka. Zikajikunja kama majani ya tambuu.
Printa yalia vile vile.

Baada ya alasiri nikatandika kanga kuukuu sakafuni,
nikailaza printa ubavu,
kama mtoto wa kudungwa sindano.
Kitu kikabingirika tumboni.
Kikatoka: kokwa la buyu,
limenyonywa, rangi imebaki upande mmoja.
Likafuata la pili, la tatu,
makokwa tisa kwa hesabu yangu,
na shilingi moja,
na kipande cha muhogo wa kukaanga, pilipili bado i juu yake.

Nikamwita Thureya, mjukuu wangu, miaka mitano,
mdomo mwekundu, shahidi wa kutosha.
"Nani kailisha hii?"
Akaangalia miguu yake.
"Bibi, si wewe ulisema."
"Nilisema nini?"
"Taa ya njano ikiwaka, hutwambia:
ina njaa hiyo, ipeni."

Nikakaa kitako pale pale.
Miaka ishirini na mitatu, na stethoskopu juu yake,
nisimtambue aliyevimbiwa!

Sasa imetulia, yachapa yenda.
Nakala zote arobaini na tisa zimeondoka na mwalimu wao.
Ila ukiiwasha tu, mwanzo kabisa,
kuna kijisauti, cha chini, sijui cha nini.
Msellem sijamwambia; atasema elfu tatu.
Thureya yuwakijua.
"Imepiga mbweu," asema,
na mkono mmoja kauficha nyuma.